Visubi wa Bibi na Miche Minne

Toronto, Kanada

Mjomba,

Wasalimie wote wa barazani, ila barua hii isomwe kwa sauti ya chini, maana nyumba ya mjumbe haiko mbali.

Uliuliza, baridi yote hii nashinda wapi. Nashinda chumba cha chini ya nyumba, nauguza bangi.

Tulia, usimwage kahawa. Bangi si yangu, ni ya mama mwenye nyumba, bibi mstaafu asiyekosa ibada ya Jumapili. Kanada imeiruhusu tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na hapa Ontario kila nyumba ina haki ya kuotesha miche minne. Kila nyumba, si kila mtu: hata mkiishi kumi, minne hiyo hiyo. Bibi ameiweka ndani ya kihema chenye taa zinazowaka saa 18 kwa siku. Chumbani kwangu hita huzimwa saa nne usiku.

Basi miche ikaingiwa na visubi wa udongo, weusi, wadogo kuliko mbu. Hawaumi, kazi yao ni kuingia puani na kufia kwenye chai. Bibi akanigongea: “Wewe umetoka Afrika, wadudu utakuwa unawajua.” Nimesomea uhasibu, Mjomba, na ada ulilipa wewe. Lakini heshima ya bara zima ilikuwa imesimama mlangoni. Nikavaa ndala, nikashuka.

Nilichokikuta ni hiki. Kisubi anayeruka anasumbua tu, na wiki moja hivi inamtosha kuishi. Mharibifu ni mwanawe. Jike hutaga mayai hata 200 kwenye udongo wenye unyevu, na mabuu wake, weupe wenye vichwa vyeusi, hukaa sentimita chache za juu wakila ukungu na mboji. Wakizidi, wanahamia kwenye vimizizi, mche unadumaa na kugeuka njano. Toka yai hadi kuruka ni kama wiki tatu au nne, hivyo ukiwaua wa leo, wadogo zao wako njiani.

Na aliyewakaribisha ni Bibi mwenyewe. Alikuwa anamwagilia asubuhi, jioni, na usiku akikosa usingizi. Nilipomwambia apunguze maji, alinitazama kama mkwe aliyeletewa nusu ya mahari. Nikamwambia kwetu mtama unakaa wiki nzima bila tone na haujawahi kulalamika. Akanywea. Sasa udongo unaachwa ukauke juu kwanza, kisha maji yanawekwa kwenye sahani chini ya chungu, yapande yenyewe.

Tukatundika kadi za njano zenye gundi, maana rangi hiyo huwavuta wanaoruka. Kila asubuhi Bibi anavaa miwani, anahesabu maiti, anaandika daftarini. Halafu akaniagiza viazi mbatata. Mate yakanijaa, nikajua leo chipsi mayai. Akavikata vipande, akavilaza juu ya udongo! Mabuu hupanda kuvila, kesho yake unafunua na kuona wako wangapi. Wamekula chipsi zangu mbichi.

Alitaka pia kupuliza dawa ya mende. Nikamzuia: maua ya miche hiyo ndiyo anayoyatia kwenye biskuti zake.

Dawa ya kweli tuliipata dukani, chembechembe za kuloweka kwenye maji ya kumwagilia. Nikasoma lebo: *Bacillus thuringiensis israelensis*. Mjomba, si ndiye bakteria yule yule wa kiwanda cha Kibaha, wa kuulia viluwiluwi vya mbu madimbwini! Buu akimmeza, sumu yake inamharibia utumbo. Mtu, paka na mche haviguswi. Mayai na wanaoruka nao hawaguswi, ndiyo maana tunarudia kila wiki mpaka uzao uishe. Kwetu anapigana na malaria, huku amepangiwa lindo la starehe za wastaafu.

Kadi sasa zinanasa wachache, na Bibi amenitangaza kwa wenzake wa kwaya. Wawili wameshaleta vyungu vyao, mmoja na bahasha juu. Uhasibu haujawahi kuniletea bahasha.

Kwa hiyo Mama akikuuliza nafanya kazi gani, mwambie ni bwana shamba. Akiuliza zao gani, sema mboga za majani, kisha ulizia habari za mbuzi wake.

Mpwa wako