Breki Zinapolia Goma

Diski za breki hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, na chuma hicho hakina haya: kikinyeshewa usiku, asubuhi kimeshavaa kutu ya rangi ya chungwa. Katika nchi za theluji, baadhi ya magari hulazwa miezi yote ya baridi, na chumvi iliyoyashika barabarani huzimaliza diski polepole. Goma haina theluji wala chumvi ya barabarani, lakini kazi hiyo haikukosa mtu wa kuifanya. Mvua za masika na za vuli zinapokezana. Volkano ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji, hutoa gesi ya salfa inayoyatia tindikali maji ya mvua. Vumbi jeusi la lava nalo huingia hata mahali ambapo fundi hawezi kuingiza spana.

Sababu za gari kulala ni nyingi. Esansi imepanda bei, au mwenyewe amekwenda Kinshasa kwa siku tatu na sasa ni mwezi wa pili. Pengine mlima wenyewe umeamua. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuhama, na watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya Rwanda. Nyakati kama hizo, mwenye gari zima huondoka nalo. Mwenye gari bovu huliacha chini ya mparachichi na kumwomba jirani alitupie jicho, akija kugundua baadaye kwamba jirani naye aliondoka, tena mapema zaidi.

Gari lililolala hivyo huamka na sauti mpya, na sauti hiyo huita mkutano. Mpita njia wa kwanza husema ni injini. Motari anayesubiri abiria husema ni beringi, kwa kuwa pikipiki yake iliwahi kulia hivyohivyo. Fundi hafiki hata karibu. Husikiliza akiwa upande wa pili wa barabara, kisha hutoa hukumu: «Papa, hizi diske zimekufa. Tubadilishe zote nne.» Kabla ya kutoa dola, inafaa kuchungulia magurudumu ya nyuma. Magari mengi yana diski mbele tu, na nyuma yana dramu. Diski mbili kati ya zile nne hazipo, kwa hiyo haziwezi kufa.

Uchunguzi wa kweli huanza na swali moja: sauti inatoka lini? Gari lijaribiwe kwanza ndani ya uwanja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, ili ijulikane kwamba linasimama. Likikwaruza mita za mwanzo kisha likatulia, hiyo ni kutu ya juu. Plaketi zenyewe, yaani pedi zinazobana diski, huisugua, na baada ya kukanyaga breki polepole mara kadhaa diski hurudi kung'aa. Huu ndio ugonjwa unaopona mgonjwa akiwa bado njiani kwenda hospitali, na ndio unaolipiwa pesa nyingi kuliko yote.

Sauti ya kukwaruza inayokuja na kupotea kadiri gurudumu linavyozunguka ina maana nyingine. Plaketi zilikaa mahali pamoja, maji yakabaki katikati, na diski ikapata alama yenye umbo la plaketi. Kanyagio likitetemeka chini ya mguu, au usukani ukicheza mikononi wakati wa kufunga breki, alama hiyo imeshakuwa kubwa, au diski imepinda.

Kelele kali inayotoka hata mguu ukiwa mbali na breki, tena iliyoanza ghafla, mara nyingi mjini Goma huwa na asili ya kawaida kabisa: kokoto ya lava imekwama kati ya diski na bati la kuzuia vumbi. Hupiga makelele ya kutisha kama gari linakatwa vipande, na hutolewa kwa bisibisi. Fundi mwaminifu huionyesha kokoto hiyo kwenye kiganja. Asiye mwaminifu huitia mfukoni na kuagiza kipuri.

Mngurumo mzito unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika kwenye kona, unaweza kweli kuwa wa beringi. Motari apewe haki yake. Chuma kinachosaga chuma kila breki inapokanyagwa humaanisha plaketi zimekwisha, na hapo gari halitoki uwanjani.

Kipimo kinachofuata ni joto. Baada ya mwendo mfupi, kiganja kisogezwe karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na joto zaidi kuliko mwenzake wa upande wa pili, mara nyingi kalipa, yaani kibanio cha plaketi, imenasa kwa kutu na plaketi haziachii. Pini zake zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki. Hapa ndipo msaidizi mwenye bidii hupaka diski yenyewe oili ili «isilie tena». Ni kweli, haitalia. Wala haitasimama.

Mwisho hupimwa unene. Ukingoni au katikati ya diski huwa pamechorwa kiwango cha chini kwa milimita, na iliyopungua kuliko hapo haina dawa. Sehemu ya plaketi inayosugua diski ikibaki chini ya milimita 3, zamu yake imekwisha.

Kinga ni rahisi. Gari lioshwe na liendeshwe kidogo ili breki zikauke kabla ya kulazwa. Liegeshwe mahali tambarare, liachwe kwenye gia, na magurudumu yawekewe mawe badala ya breki ya mkono, ambayo hunasa. Goma, mawe ni bure. Oili ya breki, ambayo hunyonya unyevu, ibadilishwe kila miaka miwili. Asiyeweza yote haya ana chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo: breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, hakioti kutu na hakina kalipa. Si ajabu kwamba ni chukudu iliyojengewa sanamu katikati ya mji.

Kwa ufupi, diski yenye kutu ya juu hutibiwa kwa safari fupi, na iliyoliwa hubadilishwa pamoja na mwenzake wa ekseli hiyohiyo. Mengine yote ni maoni ya wapita njia.