Kibali cha Kisigino

Carmel-by-the-Sea, California, ina wakazi wapatao 3,000 na pesa zisizo na idadi. Tangu 1963, kuvaa kisigino chembamba kinachozidi inchi 2 kunahitaji kibali cha manispaa. Ni bure, lakini kibali ni kibali! Eti mizizi ya miti imeinua njia, na mtu akijikwaa asije akaishtaki manispaa. Kuing'oa? Thubutu! Mitaa ya makazi haina taa, na kwa miaka mingi nyumba zilikuwa na majina tu, bila namba. Uswahilini giza, njia mbovu na nyumba zisizo na namba huitwa makazi holela. Kule ni mandhari, tena ya mamilioni ya dola. Mwaka 1986 walimchagua Clint Eastwood, nyota wa filamu za cowboy, awe meya, naye akapigania aiskrimu iuzwe kwa urahisi. Bila bastola.