Sakafu ya Vibao katika Nyanda za Baridi

Sakafu ya vibao, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa kwa ruwaza na kugandishwa kwa gundi juu ya zege, ina mvuto wake Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai huifanya sakafu ya niru, ile saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa, ikanyagike kwa ncha za vidole tu. Matatizo yake huanzia kwenye neema. Miwati ya kampuni moja iliyoanzishwa mwaka 1949, mipaini na mikaratusi imeizunguka Njombe, na malori ya mbao hupita Makambako, penye njia panda ya Songea na stesheni ya reli ya TAZARA. Kwa hiyo mwenye nyumba hujihesabu bingwa wa mbao kwa kuzaliwa, na anayemshauri aagize mninga kutoka Tabora huonekana kuitukana wilaya nzima.

Basi hununuliwa paini, tena mbichi, kwa kuwa ndiyo rahisi na ndiyo iliyopo. Mbao mbichi ni ile ambayo maji ya mti hayajatoka ndani yake, na maji hayo katika paini yanaweza kuzidi uzito wa mbao yenyewe ikikaushwa kabisa. Yakitoka, mbao haipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, bali hunywea upana: ubao wa milimita 100 huweza kupoteza milimita 3 hadi 4, hivyo chumba cha upana wa mita 4, chenye mbao 40, humpatia mwenyewe kati ya sentimita 12 na 16 za hewa aliyoilipia kwa bei ya mbao. Hewa hiyo hugawanyika kuwa nyufa, na nyufa humeza sindano, punje za mahindi na sarafu za shilingi mia, ambazo watoto huzivua kwa waya kwa bidii wasiyoionyesha shuleni.

Fundi makini huanika mbao kivulini miezi kadhaa, akitenganisha tabaka kwa vijiti ili upepo upite, kisha huacha upenyo wa sentimita moja hivi kando ya kuta, utakaofichwa na ukingo wa mbao. Upenyo huo ndio chanzo cha ugomvi, kwani mwenye nyumba huuona kuwa ni uzembe wa vipimo na huamuru uzibwe. Fundi, ambaye bado anadai nusu ya malipo yake, huuziba. Masika yanapofika, mbao hunywa unyevu wa hewa, hutanuka na, zikikosa pa kwenda, huinuka katikati ya sebule hadi kuuzuia mlango, na wageni, mchungaji akiwamo, hulazimika kuzungukia jikoni na kupiga hodi kati ya masufuria.

Seremala huitwa, akauranda mlango kwa chini hadi ukapita. Kiangazi kinaporejea sakafu hushuka, mlango hubaki ukining'inia, na baridi yote ya Njombe hupita chini yake bila hodi. Hapo mama mwenye nyumba, ambaye tangu mwanzo hakuulizwa, huenda sokoni Makambako na kurudi na zulia la plastiki, lililochapwa picha ya vibao vya mninga.