Kikao Kitafanyika Mwezi Ukiwa Mpevu

Kazi yangu ni kuendesha vikao. Ofisini naitwa mwezeshaji. Kwenye fuo za Ziwa Victoria naitwa mwalimu, na nauli ikichelewa naitwa majina mengine, ila kwa Kidholuo, maana watu wana adabu. Mimi ni mtoto wa Likoni. Nilipopelekwa Kisumu nilijiambia ziwa ni bahari tu isiyo na chumvi.

Kabla ya kuwezesha chochote, sharti upate siku. Mwongozo wa shirika unasema tu "kubalianeni tarehe na washiriki." Haya, tukubaliane. Ijumaa adhuhuri Waislamu wa Kaloleni wako msikitini. Jumamosi ni ya Wasabato, na misheni yao ya Gendia, kule karibu na Kendu Bay, ipo tangu 1906. Haitabadili ratiba leo kwa sababu wewe una bajeti ya kumaliza. Jumamosi hiyohiyo watu wanazika, na marehemu hakosi kuwa mjomba wa mwenyekiti. Jumapili ni kanisa, na baada ya kanisa ni soko la Kibuye. Unahesabu siku zilizobaki, unashusha pumzi. Kumbe hujauliza mwezi.

Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza. Taa huwekwa zielee majini, omena wakafuata mwanga, ndipo wavu ukavutwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo mabaria, yaani wavuvi wa mashuani, hubaki nchi kavu na wana nafasi ya kumsikiliza hata mtu kama mimi. Ukiwaita asubuhi ya mwezi mchanga utapata watu waliokesha ziwani. Watakaa kwenye benchi, watatikisa kichwa kwa kila hoja, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba wameafiki kwa kauli moja. Walikuwa wanasinzia.

Mwongozo huohuo unaagiza kikao kianze kwa mchezo wa kuchangamsha. Kuna mmoja unaitwa fundo: watu husimama duara, kila mtu ananyoosha mikono na kushika ya wengine wawili, kisha wote wanajifungua bila kuachana. Nadhani ulibuniwa mahali ambako watu hawana wakwe. Ufuo mmoja upande wa Mbita, duara lilikuwa limeshaiva, vicheko tele, nikaona baria mmoja wa miraba minne anarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mtumbwi.

"Jiachie, kaka!" mwenzangu akamhimiza.

Kaka hakujiachia. Mkono uliokuwa ukimsubiri ulikuwa wa mama mmoja muuza omena, naye alikuwa ameukazia mchanga macho utadhani ameangusha sindano. Duara zima likanyamaza. Mzee mmoja akaniinamia sikioni: "Mwalimu, huyo ni mama mkwe wake."

Kwa desturi ya Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawagusani, hawali pamoja. Na sisi tulikuwa tumewaandalia vyote viwili, mchezo asubuhi na sinia mchana. Saa saba kijana alikula wali wake nyuma ya mtumbwi, mimi nikimpelekea soda.

Siku hizi makundi hugawanywa na katibu wa BMU, kitengo cha usimamizi wa ufuo. Mwongozo unataka watu wahesabu moja mpaka nne, wa moja wakae na wa moja. Katibu, mama wa makamo mwenye daftari kwapani, hutupia benchi jicho mara moja tu: wewe huku, wewe kule, wewe ngoja. Ukidadisi utaambiwa yule ana deni la nyavu kwa tajiri wa mashua ile, na wale wawili ni wake wenza ambao tangu juzi hawasemezani. Kanuni za BMU za 2007 zilimweka mwenye mashua, baria na muuza samaki kwenye kamati moja. Nani asikae karibu na nani hazikusema, na posho ya kulijua hilo sijaiona kwenye bajeti yoyote.

Halafu kuna simu. Karatasi ya kwanza ukutani huwa ni sheria za kikao, na sheria ya kwanza ni simu zizimwe. Watu hupiga makofi, hakuna anayezima. Kwa mwanamke anayeuza samaki simu ndiyo soko lenyewe. Siku moja pale Dunga tulikuwa tumefika katikati ya mti wa matatizo kwenye karatasi ya ukutani, mizizi tumeshaichora, nyavu haramu huku, gugu maji kule, simu zikalia kwa pamoja. Mashua zimefika. Benchi zikabaki tupu. Tukabaki mimi, mwenzangu na mzee aliyelala.

Walirudi na ndoo na mabeseni, na mjadala ukawaka kuliko mwanzo, kwa kuwa bei ya asubuhi ile iliwachoma wote. Nilisahau kabisa maswali ya mwongozo, na hakuna aliyeyaulizia. Mama mmoja alikuwa ameniwekea samaki wawili aina ya ngege, "wa mwalimu." Akatafuta cha kufungia, akakosa, akabandua karatasi iliyokuwa karibu naye ukutani.

Shirika hudai karatasi zote zitumwe Nairobi ziwe ushahidi. Nikazianika, nikazituma. Baadaye kijana wa ofisini akapiga simu: mbona mti wa matatizo una magamba?

"Huo ni mchango wa washiriki," nikamjibu.

Akataka kujua umewekwa sahihi na nani.