Upupu Ukweni

Anayetaka wakwe wamsifu kwa uchapakazi, afagie uwanja yaishe. Mimi niliamua kupanda mchungwa.

Ilikuwa Muheza, mwezi wa Julai, machungwa yamezaa hadi matawi yanainama. Mama mkwe aliniasa, "Baba, pumzika, watoto watachuma." Nikavua shati kama mgema. Huko juu nikakuta mmea mtambaazi umejisokota, una maganda ya kahawia yenye manyoya mazuri kama mahameli. Nikayasukuma kwa bega, tena kwa madaha.

Muda si muda nilishuka bila kugusa tawi hata moja.

Ukweni kuna sehemu za mwili ambazo mtu hajikuni mbele ya mama mkwe, na upupu ulizijua zote. Nikaegemea nguzo ya jiko, nikajisugua kama ng'ombe mwenye kupe. Watu wakajaa, kila mmoja na dawa yake. Shemeji akanipaka jivu. Jirani akaleta tope. Mzee mmoja akaapa kwa mwarobaini uliotwangwa. Mwingine akashauri nijisugue kwa nywele zangu mwenyewe, nami nina upara tangu harusi. Nilikuwa kijivu, kahawia na kijani, kama bendera ya nchi isiyopata uhuru. Kijana akanimwagia ndoo ya maji. Rangi zikatoka, muwasho ukateremka kiunoni.

Ndipo alipotokea bibi yake mke wangu. "Acheni kumsugua, mnamshindilia!" Akanikausha kwa kunigusagusa na khanga, akaagiza bonge la ugali vuguvugu. Akawa analibandika na kulibandua mgongoni, kila likibanduka linaondoka na vinyweleo. Kisha sabuni na maji mengi, mwisho utomvu wa shubiri. Nikaanza kupumua.

Baadaye nilisoma kwamba vinyweleo vya upupu vina protini inayowasha, iitwayo mukunaini. Jina hilo halitokani na Kiswahili, lakini mgongo wangu haukubali. Nikaelewa pia kosa letu: wote tulikuwa tunaitibu ngozi, mwiba ukiwa bado ndani. Bibi alianza na mwiba.

Usiku tukaandaliwa ugali kwa samaki. Nikanawa, nikanyoosha mkono, nikasita.

"Kula, baba," akasema mama mkwe, uso mkavu. "Huo ni mwingine."