Namna ya Kufadhili Utafiti wa Mafuta Ukiwa Kuresoi

Mwenzangu, usianze kwa kuomba radhi. Mtu wa Kuresoi akitaja mafuta ya Turkana ataulizwa papo hapo yanamhusu nini, yeye wa viazi, chai na kabeji. Jibu liwe tayari mdomoni. Sheria ya Petroli ya 2019 imeigawa faida inayobaki kwa serikali hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti yenye kisima, 5 kwa jamii ya pale pale. Katika zile 75 na wewe umo. Mwulizaji akizidi kubisha, mkumbushe malori. Kuanzia 2018 mafuta ya majaribio yalitoka Lokichar kule Turkana kwa barabara, ndani ya matangi ya kuhifadhi joto, yakashuka Kitale na Eldoret, yakapita Mau Summit na mteremko wa Salgaa, yakavuka Nakuru kuelekea Mombasa. Agosti 2019 meli ikaondoka na mapipa 240,000 yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Mali iliyopita mlangoni pako huhitaji kibali cha mtu kuiulizia.

Ukishamaliza ubishi huo, fanya hesabu, na hapa usiwe na haraka kwa sababu ndipo mambo yote yalipo. Mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa. Yamejificha ndani ya mwamba, katika vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kisima kikifunguliwa, shinikizo la asili husukuma sehemu ndogo tu ya mafuta hadi juu. Shinikizo likipungua, maji au gesi hudungwa upande mwingine ili kuyafukuza yaliyobaki. Hata baada ya kazi yote hiyo, wastani wa dunia ni kama theluthi moja. Theluthi mbili hubaki mwambani. Mkulima wa Keringet akichimba viazi na kuyaacha udongoni magunia mawili katika kila matatu, majirani watampeleka hospitali. Lakini kampuni ya mafuta ikifanya hivyo hupigiwa makofi kwenye mkutano wa wenyehisa.

Tazama kwa jirani. Uganda imekadiria kwamba miamba yake ya Ziwa Albert ina mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa ni bilioni 1.4, yaani kama moja ya tano. Kila asilimia moja itakayoongezwa kwenye hesabu ile ni mapipa milioni 65. Hiyo ni zaidi ya mara 270 ya shehena yetu ya kwanza ya Mombasa, bila kupata eneo jipya la mafuta na bila kumhamisha mtu mwingine kwenye malisho yake. Ndiyo maana naupenda utafiti wa kuyatoa yaliyobaki kuliko ule wa kusaka mafuta mapya. Huanza na kisima kilichokwisha chimbwa, kikalipiwa, kikaleta vumbi na ugomvi wake wote, kisha huuliza: mbona tumeacha mengi namna hii?

Sasa jifunze tabia ya mafuta yenyewe, maana huwezi kuchangia pesa kwa kitu usichokijua. Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi. Yakipoa huganda, na ndiyo sababu bomba lililopangwa kwenda Lamu lilikuwa liwe la kupashwa moto njia nzima, sawa na lile la Uganda la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Ukidunga maji baridi kwenye mwamba wenye mafuta ya namna hiyo, unaweza kuyagandisha yale yale unayotaka kuyatoa. Na maji hutiririka kwa urahisi kuliko mafuta mazito, kwa hiyo hupenda kutafuta njia ya mkato: hupenya pembeni, hutokeza kwenye kisima cha pili, na kuyaacha mafuta yamekaa palepale. Dawa mojawapo ni kuyafanya maji yawe mazito kidogo ili yasukume kwa upana.

Hapa ndipo Kuresoi inapoingia maabarani. Utomvu mmojawapo unaotumika kuyafanya maji yawe mazito katika visima vya mafuta huitwa zanthani. Hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, na bakteria huyo ni adui yako wa siku nyingi. Ndiye anayeichoma kabeji kwa manjano yenye umbo la herufi V kwenye ukingo wa jani, halafu mishipa inageuka myeusi na kabeji nzima inanuka. Mtu yeyote aliyelima kabeji Molo au Olenguruone anamfahamu, hata kama hajui jina lake. Kwa hiyo mtaalamu akikuambia kwamba kemia ya visima iko mbali na wewe, mweleze habari za kabeji yako. Tena mweleze kwamba Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, mwendo mfupi tu, na wanafunzi wake wa kemia wana haki ya kuzipata sampuli za nta ya Lokichar mikononi mwao.

Swali la pesa za nani lina jibu linalowashangaza wengi. Mikataba yetu ya mafuta ni ya kugawana uzalishaji. Kampuni hutanguliza pesa, kisha mafuta yakianza kutoka hurudishiwa gharama zake kutoka kwenye mafuta yale yale, kabla ya faida kugawanywa. Kipimo cha maabara kikiingizwa kwenye gharama hizo, umekilipia wewe. Ripoti ikifungiwa kwenye kabati la London, ni ripoti yako iliyofungiwa. Norway iliuona ukweli huu mapema: kodi ya faida ya mafuta pale hufikia asilimia 78, na gharama za utafiti hutolewa kabla ya kodi kukatwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila kroni ya utafiti hutoka kwa dola. Basi dola ikadai elimu. Usiombe ufadhili, mwenzangu. Dai risiti ya ufadhili ambao tayari umeandikiwa deni lake.

Kuhusu chombo cha kuwekea hizo pesa, kiwe chungu cha wengi. Sisi wa Kuresoi hatuhitaji kuelezwa yanayotokea mradi ukining'inizwa kwenye mfuko wa kampuni moja. Bwawa la Itare lilisimama 2018 mkandarasi wake wa Italia, CMC di Ravenna, alipoingia kwenye shida ya fedha, na miji ya Molo, Njoro na Nakuru ikabaki kuyangoja maji. Mafuta nayo yana historia yake. Tullow iliyagundua katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012 ikishirikiana na Africa Oil. Total ikaingia baadaye. Mwaka 2023 Africa Oil na TotalEnergies zikajitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikakubali kuuza kila kitu kwa Gulf Energy kwa dola zisizopungua milioni 120. Kwa zaidi ya muongo mmoja watu wamepima mwamba ule, wameufanyia majaribio ya kudunga maji, wameijua tabia yake. Elimu hiyo ikikaa kwenye vichwa vya waajiriwa wa kampuni, huondoka nao wanapopanda ndege. Ikikaa kwenye chungu cha wengi, mmiliki mpya huikuta, na wa baada yake pia.

Ukitaka kuona chungu cha namna hiyo, panda matatu ya Kericho. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika, Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya ulianzishwa pale 1980 na kuendeshwa kwa makato ya kilo za chai. Waliolipa walikuwa mahasimu sokoni: kampuni kubwa za kigeni zenye mashamba ya maelfu ya ekari, na mkulima mdogo wa Kiptagich mwenye robo ekari. Wote walikatwa. Na miche iliyotoka pale ilikuwa ya wote. Hakuna aliyeulizwa alichangia kiasi gani kabla ya kupewa kipande cha kupanda. Makato madogo, ya lazima, kwa kila kilo, na matokeo wazi kwa kila mlipaji. Badilisha kilo iwe pipa na umepata sheria nzuri ya utafiti wa mafuta.

Wenye mafuta nao walikwisha jaribu jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni zinazoshindana katika Bahari ya Kaskazini, pamoja na mamlaka za Norway na Denmark, ziliweka pesa pamoja kuuchunguza mwamba wa chokaa unaoshika mafuta yao. Uwanja wa mafuta mkubwa kuliko vyote ndani ya chokaa hiyo ni Ekofisk. Hapo mwanzo ilitarajiwa kwamba ungetoa asilimia 17 tu ya mafuta yake. Tena ulikuwa na balaa lake: kadiri mafuta yalivyotolewa, sakafu ya bahari ilizama, mpaka 1987 majukwaa yakainuliwa mita sita kwa jeki. Mwaka huo huo udungaji mkubwa wa maji ukaanza. Leo makadirio yamevuka asilimia 50. Hakuna kampuni ambayo ingeweza kujisifu kwamba iliyavumbua yote hayo peke yake.

Baada ya chungu, linda mfuniko. Pesa za utafiti nchini humu zina ugonjwa wa kupenda hoteli za Naivasha. Hutoka Nairobi zikiwa nzima, zikifika ziwani zinayeyuka kuwa posho, chai ya saa nne, mifuko yenye nembo na picha ya viongozi wakitia saini hati ya maelewano. Dawa ni kuzipeleka Naivasha ile nyingine. Taasisi ya Mafuta na Gesi ya Morendat, iliyoanzishwa na Kampuni ya Bomba la Mafuta, iko huko huko, ndani ya kaunti yetu ya Nakuru. Mikataba ya mafuta ina kipengele cha ada ya mafunzo inayolipwa na kampuni kila mwaka. Ada hiyo ikanunue vyombo vya kupima mwamba Morendat na Egerton, na katika chuo cha Turkana kule Lodwar. Na vipande vya mwamba vilivyotolewa visimani vibaki nchini, kwenye ghala ambalo mwanafunzi anaweza kuingia. Mfuko wa Taifa wa Utafiti nao uguswe. Sheria ya 2013 inasema upewe asilimia mbili ya pato la taifa, na Hazina haijawahi kufika hapo.

Usiwasahau wenye ardhi. Juni 2018, wiki chache tu baada ya malori kuanza, watu wa Turkana waliyazuia wakidai usalama na haki yao, na safari zikasimama kwa muda. Mpango wa kudunga maji Lokichar ulitegemea maji ya bwawa la Turkwel, katika nchi ambako mifugo hufa kwa kiu. Kwa hiyo utafiti wa kwanza kulipiwa na chungu chetu uwe wa maji: ni kiasi gani cha maji yanayotoka pamoja na mafuta kinaweza kusafishwa na kurudishwa mwambani, ili tone la Turkwel libaki la mbuzi na mtoto. Sisi tunaokaa kwenye chemchemi za Mau hatuna udhuru wa kutolielewa hilo.

Wapo watakaosema muda wa mafuta umepita, na kwamba pesa hizo ziende kwenye umeme wa mvuke wa ardhini. Nawaheshimu, na sehemu moja wana haki: moshi wa kila pipa la nyongeza ni wa kweli. Lakini elimu hii haifungwi kwenye mafuta. Mtu anayejua jinsi maji yanavyopita kwenye mwamba ulio kina kirefu ndiye yule yule anayehitajika Olkaria na Menengai, ambako maji hurudishwa chini ili visima vya mvuke visichoke. Olkaria yenyewe ilizaliwa kwa pesa za pamoja: utafiti wa miaka ya 1970 ulilipiwa na serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka.

Kazi ya mwisho ni ya kalamu. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na mikataba mikubwa ya rasilimali hupitia huko huko kwa kifungu cha 71. Andika mambo manne. Kila pipa likatwe kiasi kidogo cha utafiti, tangu pipa la kwanza. Kila anayelipa apate matokeo, na vyuo vya umma vihesabiwe kati ya walipaji. Mkataba ukiuzwa, data na sampuli vibaki na taifa. Na Uganda ialikwe kwenye chungu, kwa kuwa nta yake na yetu ni ndugu. Taja kata yako, tia saini, peleka nakala kwa mbunge, na usiondoke pale mapokezi kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.