Gari la Desemba: Mwongozo wa Kulitunza Mpaka Life

Una gari linalowashwa mara moja kwa mwaka ili likaonekane Moshi, kisha Januari linarudishwa uani Mbezi, nawe unarudi kwenye mwendokasi. Kuliua hakuhitaji ajali wala dereva mlevi. Subira inatosha.

Liegeshe chini ya mwembe. Popo watashughulikia rangi. Juu yake tandaza turubai la plastiki lisilopitisha hewa, ili unyevu wa pwani na chumvi yake vikae humo kwa raha. Vuta hendibreki mpaka mwisho uiache hivyo hadi mwakani, breki zigande zenyewe. Anayeegemeza jiwe kwenye tairi na kuiachia hendibreki anaharibu utaratibu.

Betri usiiguse. Wapo wanaochukua spana namba kumi wakachomoa kichwa cha hasi, dakika mbili kazi imekwisha. Hao hawana imani. Wewe acha king'ora na saa viinyonye taratibu. Ukiingiwa na huruma, mtume kijana awashe injini dakika tano kila Jumapili, kisha azime. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe: stata imekula umeme ambao dakika tano za kuunguruma palepale hazirudishi, na maji yanayotokana na moshi yanabaki ndani ya ekzosi yakila bati, maana haikupata moto wa kuyakausha. Kijana atakuja akitabasamu: "Bosi, chuma kiko poa!" Mpe ya soda. Ila usimruhusu alizungushe barabarani nusu saa. Anaweza kuliokoa bure.

Chini ya kiti sahau mfuko wa karanga. Panya wakimaliza karanga watahamia kwenye waya.

Tairi nazo usizijaze upepo. Zikikaa pale pale miezi kumi na moja, huota bapa upande wa chini. Tarehe 20 Desemba fundi atachuchumaa, atalowesha kidole mate, atapangusa vumbi ubavuni mwa tairi na kukuonyesha tarakimu nne: 1415. Wiki ya 14, mwaka 2015. Mjibu kwa ukali kwamba kashata bado nzima, tena zimekwenda Moshi tu. Fundi mzoefu habishani. Atauliza kama una namba ya mwenye bredauni.

Tiketi za basi za wiki hiyo huadimika, kwa hiyo kata yako mapema Novemba, na ukiulizwa nyumbani, sema ni ya mgeni.